Dar hadi Tukuyu kwa Aqua: vibao vya 50 vililipa mafuta yangu

Kila niliyemwonyesha picha za mlima Kitonga, ule wa njia ya Iringa, aliuliza swali lilelile: "Hiyo gari inakula lita ngapi?" Jibu la neno moja sina, kwa sababu inategemea uko kipande gani cha barabara na mguu wa nani uko kwenye mafuta. Nimekaa na risiti zangu za sheli, daftari la kwenye dashibodi na picha za simu, nikaipanga safari nzima ya Juni kuanzia Tabata, Dar, hadi Tukuyu, mkoani Mbeya, na kurudi. Anayefikiria kununua haibridi (gari la petroli lenye pia mota ya umeme na betri yake) kwa ajili ya safari za mkoani asome taratibu, kuna mambo wauzaji wa magari hawayasemi.

Kabla ya kuondoka

Gari ni Toyota Aqua ya 2013, injini ya lita 1.5, iliyotumika Japani kabla ya kuja kwetu. Aqua ilipozinduliwa mwishoni mwa 2011 ilitangazwa kwenda kilomita 35.4 kwa lita moja, kwa kipimo cha Kijapani kiitwacho JC08. Kipimo hicho hufanyiwa maabara, gari likikimbia juu ya rola. Hakuna rasta za barabarani, hakuna Kitonga, na hakuna mjomba wa kilo tisini na kitu aliyeshika begi la dagaa wa Kigoma mapajani.

Mjomba ndiye aliyekuwa na safari. Alikuwa anakwenda Tukuyu kupokea mahari ya binti yake mkubwa. Miaka mingi aliendesha malori ya semi ya Tunduma, Lusaka na Lubumbashi, hadi macho yalipomwambia basi. Gari langu hakuliamini hata kidogo. "Gari la betri hilo, mwanangu. Kitonga litakulilia."

Maandalizi yalikuwa machache. Upepo nilijaza asubuhi, matairi yakiwa bado ya baridi, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Oili niliweka 0W-20, ile nyepesi. Usikubali fundi akuwekee 20W-50 kwa maneno ya "huku kwetu joto". Oili nzito inaikaba injini, na injini ya haibridi inazima na kuwaka mara nyingi mno kwa siku, kwa hiyo inahitaji oili inayofika juu haraka. Kisha nikapiga vumbi kwenye wavu ulio chini ya kiti cha nyuma, ambapo feni ya betri kubwa inavuta hewa. Ukiziba kwa vumbi au ukizibwa na mizigo, betri inachemka na hapo ndipo watu wanaanza kusema haibridi ni matatizo.

Mjomba alitaka tufunge godoro juu ya paa. Nilikataa. Godoro likapanda basi kwa 15,000 na lilifika Tukuyu kabla yetu. Mzigo wa juu ya paa unapigana na upepo kila mita ya njia, na kwa gari dogo kama hili athari yake inaonekana kwenye risiti.

Namna nilivyopima: najaza hadi bomba lijikate lenyewe mara ya kwanza, naishia hapo, narudisha kilomita za safari kwenye sifuri. Nikijaza tena nafanya vilevile, nagawanya kilomita kwa lita. Utabishana na mhudumu, maana wote wanapenda kuongeza "tufunge hesabu" hadi ifike elfu kamili. Ukimruhusu, hesabu yako imeharibika.

Ijumaa: Dar – Morogoro

Tulitoka saa saba mchana. Muda mbaya, lakini mjomba alikuwa kliniki asubuhi. Foleni ilianza Ubungo na haikutuachia hadi Mbezi.

Kwa gari la kawaida hapo ndipo mafuta yanapoteketea. Aqua inatambaa kwa mota, injini imezima, na hata AC inaendelea kwa sababu kompresa yake ni ya umeme. Pale kwenye mataa mjomba alinigeukia kwa wasiwasi. "Imezima!"

"Haijazima mjomba, imepumzika."

"Na hiyo AC inaendeshwa na nani?"

"Betri."

Akanyamaza, akafungua kioo kidogo asikilize vizuri. Baada ya dakika kadhaa injini ikawaka yenyewe, akacheka. "Aha. Deni limeiva." Alikuwa amelielewa gari kuliko wengi. Umeme wa betri si wa bure. Sehemu kubwa inatokana na petroli ileile uliyonunua, na gari likikuazima sasa litakudai baadaye. Umeme wa bure ni mmoja tu, ule unaorudi unapopunguza mwendo. Safari nzima ilikuwa kuutafuta huo.

Baada ya Mbezi ni njia nane hadi Kibaha, tukapumua. Baada ya hapo barabara inarudi kuwa njia mbili, malori yanajipanga kuelekea mizani ya Vigwaza, na kila kijiji kina kibao cha 50 na pengine askari mwenye tochi ya kupima mwendo chini ya mwembe. Madereva wengi wanavilaani vibao hivyo. Mimi baada ya safari hii naviona kwa jicho jingine.

Sababu ni hii. Ukienda 80 au 90, Aqua ni gari dogo la petroli kama mengine, injini haina ruhusa ya kulala. Chini ya takriban 70, ukiinua mguu, injini inazima kabisa na mota inageuka kuwa jenereta. Kwa hiyo kibao cha 50 kikionekana kwa mbali, unainua mguu mapema, gari linashuka mwendo lenyewe huku likijichaji, unaingia kijijini na 50 kamili bila kugusa breki, na sehemu kubwa ya kijiji unaipita kwa umeme uliouvuna hapo nje. Mwisho wa kijiji unarudisha mwendo kwa mguu wa kati. Usikanyage hadi sakafuni, wala usinyemelee kwa woga hadi mabasi yakupigie honi. Injini hii inafanya kazi kwa faida ikipewa mzigo wa wastani, ikishafika 80 unaachia kidogo inatulia.

Tatizo ni kukiona kibao mapema, na hapo ndipo mjomba alipoonyesha thamani yake. Njia hii anaijua kwa miti. "Baada ya kona hii kuna shule. Mguu juu." Mimi bado naona lami tupu, yeye anahesabu: "Acha itembee… acha… hapo." Tunaingia kwenye 50 bila breki. Nilimuuliza kajifunzia wapi. Akasema ukibeba tani thelathini, kila unapokanyaga breki unatupa dizeli ya tajiri, na tajiri anaijua dizeli yake hadi kikombe.

Chalinze tulipita jioni bila kusimama, zaidi ya mahindi ya kuchoma kupitia dirishani. Morogoro tuliingia saa mbili usiku. Gesti karibu na Msamvu 30,000 kila mtu, chumba kisafi, feni yenye kelele. Wali kuku 8,000. Dashibodi ilisema kilomita 25.9 kwa lita. Sikuamini, na utaona kwa nini.

*Kwa wanaofuata:* faini moja ya mwendo kasi ni 30,000. Kwa bei ya siku zile hiyo ni zaidi ya lita kumi za petroli, na kwa gari hili lita kumi ni kutoka Dar hadi ng'ambo ya Morogoro.

Jumamosi: Morogoro – Iringa

Hii ndiyo siku iliyobeba safari. Tuliondoka saa kumi na mbili na nusu, chai na vitumbua tumenunua kwa mama mmoja nje ya gesti. Alipomsikia mjomba akiongea alimtambua kuwa ni wa Tukuyu, akaongeza vitumbua viwili bila kuulizwa. Mumewe alikuwa wa Kiwira.

Hifadhi ya Mikumi barabara inapita katikati kwa kama kilomita 50, na mwisho wa mwendo mchana ni 70. Mabango yanaorodhesha faini kwa kila mnyama utakayemgonga, na twiga si wa bei rahisi. Kwa haibridi 70 ni mwendo wa dhahabu, upepo bado haujawa mzito na injini inapata nafasi ya kuzima kwenye kila mteremko mdogo. Tuliona twiga, tembo wawili mbali kidogo, na ngiri waliovuka bila adabu. Magari ya IT, yale yanayopelekwa mpakani, yalitupita kana kwamba mabango yameandikwa kwa Kichina. Mjomba alitikisa kichwa tu.

Hapa niseme kidogo kuhusu mwendo, kwa sababu ndio unaoamua kila kitu kwenye lami ndefu. Nguvu ya upepo unaokusukuma nyuma inakua kwa mraba wa mwendo. Kutoka 80 kwenda 100 inaongezeka zaidi ya nusu. Hakuna kitufe cha ECO kinachoweza kukuokoa hapo. Nilijiwekea 80 hadi 85, na kila nilipoona basi nyuma nilisogea kushoto na kumpa njia mapema. Kubana mafuta kwa kuwazuia wenzako nyuma ni ubinafsi, na wakikupita kwa hasira mnaweza kufa wote.

Kutoka Mikumi mjini milima ya Iyovi inaanza kukuzungusha, kisha unashuka kwenye bonde la Ruaha, mibuyu kila upande, joto linapanda ghafla. Ruaha Mbuyuni tulikula ugali na samaki, 7,000 sahani. Vitunguu vimepangwa barabarani kwa ndoo na kwa nyavu. Mjomba alijadiliana na kijana bei ya ndoo moja kwa muda mrefu kuliko tuliokula.

Na hapo mbele, Kitonga.

Tulifika chini ya mlima saa saba na kitu. Matawi ya miti yalikuwa yamelazwa barabarani, alama ambayo kila dereva wa njia hii anaielewa: lori limekata huko juu. Foleni ilisimama. Vijana wakashuka na karanga, maji na mayai ya kuchemsha. Utingo wa lori la mbele alitembea kona mbili kwenda kuangalia, akarudi kutupa habari bila kuombwa, ekseli imekatika, wanaivuta pembeni.

Tulikaa zaidi ya saa nzima. AC tulizima, maana ukisimama muda mrefu inamaliza betri, injini inawaka kuijaza, inazima, inawaka tena, na hesabu ya kilomita inashuka huku hujasogea hata mita. Tukafungua milango, mjomba akavua viatu.

Nilipokuwa nimekaa pale nilipiga hesabu kwenye daftari, nikamwonyesha mjomba. Betri kubwa ya gari hili ni volti 144, ampea-saa 6.5. Zidisha: haifiki hata yuniti moja ya LUKU, ni 0.94. Na gari halikuruhusu kuitumia yote, linacheza katikati ili betri idumu, kwa hiyo unayoshika mkononi ni chini ya nusu ya yuniti. Sasa gari, sisi wawili na vitunguu ni kama kilo 1,300. Kuliinua gari hilo mita elfu moja, kama tunavyofanya kutoka bonde la Ruaha hadi Iringa, kunahitaji karibu yuniti tatu na nusu. Betri itachangia mwanzo kidogo, baada ya hapo ni petroli tupu, na ukihesabu joto linalopotea kwenye injini mlima unakula lita moja na ushee. Huo ni ushuru wa lazima.

"Kwa hiyo betri yako haipandi mlima," mjomba akasema.

"Haipandi. Inasaidia tu."

"Ndiyo nilichosema Dar."

Foleni ilipoachia tukapanda nyuma ya malori, mwendo wa kutembea. Watu wengi wenye haibridi hapa wanakosea kwa kulazimisha umeme, wanagusa mafuta kwa ncha ya kidole ili taa ya EV, ya kwenda kwa umeme mtupu, isizime. Betri inaisha kona ya pili, kisha injini inalazimika kupanda na kuchaji kwa pamoja, inapiga kelele hadi abiria wanatazamana. Mimi niliacha nafasi kubwa mbele yangu, nikaiacha injini ifanye kazi kwa mwendo usiobadilika, bila kusimama na kuanza. Nafasi ile pia ni usalama. Semi ikirudi nyuma Kitonga, huna pa kukimbilia.

Gari halikulia. Sauti ilikuwa kubwa, nakubali, lakini joto la injini halikusogea, na tulipotokea juu mjomba aligonga dashibodi mara mbili kwa kiganja bila kusema neno.

Ilula tulinunua nyanya, tenga dogo 6,000. Iringa tuliingia jua linazama, tukajaza Ipogolo chini ya mji kabla ya kupanda.

Kilomita 491 tangu nilipojaza Dar, lita 21.3. Hiyo ni kilomita 23 kwa lita, tumepanda kutoka usawa wa bahari hadi Iringa, na foleni mbili ndani yake. Dashibodi ilidai 25.4. Ndiyo maana siiamini: kwangu inajisifu kwa karibu asilimia kumi kila mara. Anayekuletea picha ya dashibodi kama ushahidi, mwambie alete risiti. Nililipa elfu sitini na tatu na kidogo. Mhudumu aliuliza kama tenki lilikuwa na mafuta mengi kabla, hakuamini kwamba tumetoka Dar.

Usiku ulikuwa wa baridi ya kukata. Mzee wa gesti alitupa salamu ya Kihehe, "kamwene", na mablanketi ya ziada. Chumba 35,000, chai ya maziwa bure.

*Kwa wanaofuata:* tenki la Aqua ni lita 36. Nimesikia wanaojisifu Dar–Mbeya bila kujaza. Ukipiga hesabu inakaribia, na ndiyo maana ni hatari. Petroli ikiisha, betri haitakufikisha mbali, na kuikamua hadi mwisho ni kuiumiza. Jaza Iringa. EWURA, mamlaka ya nishati na maji, inatoa bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi na unaweza kuzisoma mtandaoni kwa kila mji; kadiri unavyoiacha bandari ndivyo bei inavyopanda. Dar ilikuwa chini kidogo ya 2,900, Mbeya karibu 3,000.

Jumapili: Iringa – Mbeya

Asubuhi kioo kilikuwa na ukungu mzito. Gari la haibridi likiwa baridi linawasha injini hata kama hulihitaji, ili lipashe moto injini na mtambo wa ekzosi. Dakika tano za kwanza ndizo ghali kuliko zote za siku. Usilipashe moto likiwa limesimama. Ondoka taratibu, litapata moto njiani. Na hita isiguswe kama unaweza kuvumilia, maana hita inachukua joto la injini, na ukiidai injini haitazima. Mjomba alijifunika blanketi lake la Kimasai, akasema amewahi kulala Makambako ndani ya kabini na hali mbaya kuliko hii.

Mafinga, misonobari ya Sao Hill pande zote, malori ya mbao. Baada ya Nyororo usukani ukaanza kuvuta kushoto. Msumari, tairi la nyuma.

Aqua nyingi hazina tairi la akiba, zilikuja na chupa ya gundi na pampu ndogo, na kwangu hata hivyo vilikuwa vimeshatolewa kabla gari halijashuka melini. Bodaboda aliyepita na magunia mawili ya mkaa alisimama, akasema anamjua fundi, akaenda kumleta. Fundi alikuja na sindano yake na kamba za pancha, akaziba kwa dakika kumi. Kilichokosekana ni upepo, pampu yake imefungwa kwenye umeme wa dukani.

Tukawa tunaangaliana pale. Mjomba akasimama kando ya barabara, akanyoosha mkono kwa namna ya madereva, na semi ya kwanza iliyotoka upande wa Makambako ikapunguza, ikasimama mbele yetu. Kijana mmoja akashuka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Una mpira wa upepo?"

Alikuwa nao. Akauchomeka kwenye mfumo wa breki za lori, upepo ukaingia kwenye tairi letu huku wakizungumza habari za Tunduma, foleni ya mpakani, nani bado yuko barabarani na nani ametangulia. Pesa alikataa. Alichukua nyanya nne kutoka kwenye tenga, akazifuta kwenye shati, na swali lake lilikuwa moja: "Hiyo gari inakula lita ngapi?" Nilipomwambia akamgeukia utingo wake: "Sisi tukiwasha tu imeisha hiyo."

Gharama ya pancha: fundi 5,000, bodaboda 4,000 kwenda na kurudi. Makambako nilisimama kupima upepo kwa geji, tairi lile lilikuwa limepungua sana ukilinganisha na mengine. Tairi legevu linakula mafuta kimyakimya, na halikuonyeshi chochote kwa macho hadi liwe limelala.

Makambako yenyewe ni upepo. Ulikuwa wa uso, na kwa mwendo uleule wa 80 kilomita kwa lita zilishuka mbele ya macho yangu. Nikapunguza hadi 75. Kutoka Igawa kwenda Chimala ni tambarare ya Usangu, mashamba ya mpunga, vijiji vingi, vibao vya 50 vingi, na mimi na mjomba tulikuwa tumeshapata mdundo wetu. "Mguu juu." Naachia. "Hapo." Nagusa.

Chimala wali maharage na dagaa 5,000. Mlima Nyoka tuliupita kwa heshima yake. Uyole: kilomita 320 tangu Ipogolo, lita 13.6. Inakuja 23.5. Mbeya mjini ujenzi wa njia nne ulikuwa umevuruga kila kitu, vumbi na matoroli, tukalala Uyole kwa binamu.

Jumatatu: Mbeya – Tukuyu

Fupi kwa kilomita, ndefu kwa milima. Unapanda hadi Isongole kwenye ukungu, viazi barabarani kwa magunia, kisha unaanza kushuka kuelekea Kiwira, Mlima Rungwe upande wa kushoto ukiwa umejificha.

Kwenye mteremko mjomba alitaka nitoe gia. Ndivyo walivyookoa dizeli zamani, na ndivyo baadhi yao walivyomalizika. Nilimweleza kwamba kwa gari hili kuna sababu mbili za kukataa. Ya kwanza anaijua mwenyewe. Ya pili, ukiweka N, gia huru, betri haichajiwi kabisa, unatupa umeme pekee wa bure uliopo. Unaacha D, mguu juu, na ukihitaji kupunguza unagusa breki kwa wepesi na mapema. Breki nyepesi inarudisha umeme, breki ya ghafla inakwenda kwenye diski na kuwa joto.

Betri ilijaa kabla hatujafika nusu ya mteremko. Haifiki yuniti moja, nilishasema. Hapo nikavuta B. Watu wengi wanaidhani B ni ya kuchaji zaidi. Kazi yake ni kuikaza injini isaidie kushika gari betri ikiwa haina pa kuweka umeme, ili breki zisichemke. Kwenye tambarare ukiendesha na B unapoteza tu.

Tukuyu

Mahari ilipokelewa, ng'ombe waliongelewa kwa siku mbili, godoro likapata mwenyewe. Nilikula mbalaga, ndizi za kupika za huko, hadi nikaomba mapumziko, na kila nyumba niliambiwa "ndaga fijo" kwa kumleta mjomba salama, ingawa kwa kweli ndiye aliyenileta.

Gari lilifanya kazi mbaya kuliko siku zote. Kwenda sokoni, kurudi, kumfuata shangazi, kumrudisha, kila safari dakika saba katika baridi na vilima. Injini haikupata hata nafasi ya kupata moto. Kilomita 190 za Tukuyu, pamoja na njia ya kutoka na kurudi Uyole, zilikula lita 9.8, yaani 19 na kitu tu. Kama maisha yako yote ni safari fupi za namna hii kwenye baridi, haibridi haitakupa unachotarajia. Unganisha safari tatu ziwe moja, gari likishapata moto lisilale.

Kurudi

Mjomba alibaki. Nilirudi na binamu, ndizi na parachichi. Uyole hadi Iringa 24.4. Siku iliyofuata Kitonga kwa kushuka, B kuanzia kona ya juu, lori zinapanda upande wa pili kwa taabu ileile, na betri imejaa tangu mapema. Iringa hadi Dar, kilomita 490, lita 18.6: kilomita 26.3 kwa lita. Ndiyo maana anayekupa namba ya njia hii muulize kwanza alikuwa anakwenda au anarudi.

Jumla ni lita 76.5 kwa kilomita 1,813, wastani wa 23.7, kwa kama laki mbili na elfu ishirini na tano. Binamu hakuijua miti ya mjomba, na vibao kadhaa kati ya Mikese na Chalinze tulivikuta ghafla nikakanyaga breki. Nilikuwa na wivu wa kila breki.

Dar nilifungua tena ule wavu wa chini ya kiti. Vumbi la Mbeya lilikuwa limeufunika wote, rangi ya kahawia. Fundi aliangalia pedi za breki akasema bado nene, nirudi mwakani. Anayepita kwenye vumbi kama lile la Mbeya na haibridi asisubiri afike nyumbani; asafishe Iringa, brashi ya mswaki inatosha.